Kuchagua bima ya ugonjwa ugenini

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wetu walisema hivyo, lakini hawakutuambia ni nani atakayemtibu mgeni huyo siku atakapojikata kwa jembe alilopewa. Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza: mwenyeji alimwosha kidonda, na jirani alileta dawa ya majani. Lakini leo watoto wetu wanashika jembe mbali sana. Wametoka Bukavu, Goma, Kisangani na Lubumbashi, nao wanafanya kazi Bruxelles, Liège, Antwerpen na Charleroi. Huko jirani hajui hata jina la jirani yake. Kinachomsaidia mgonjwa huko ni bima, ambayo wengi kwetu huiita asiransi.

Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kueleza jinsi mfanyakazi mgeni anavyoweza kuchagua bima hiyo kwa akili. Twachukua mfano wa Ubelgiji, kwa sababu jamaa nyingi za Kongo zina mtoto au ndugu katika nchi ile. Twawaandikia pia wazazi waliobaki nyumbani, maana deni la hospitali la mtu aliye ugenini halimwangukii yeye peke yake. Huvuka bahari na kugonga mlango wa baba na mama.

Neno letu ni hili. Mtu asianze kwa kuuliza: «Bima ipi ni nzuri?» Aanze kwa maswali matatu: «Sheria imekwisha kunipa nini? Imeniachia nini nilipe mwenyewe? Na katika jamaa yangu, nani amebaki nje?» Mwenye kujibu maswali hayo amekwisha kuchagua nusu.

Bima ya mpita njia

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Anayeomba viza ya kuzuru Ulaya kwa muda mfupi hutakiwa kuonyesha bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Karatasi hiyo ina kazi yake: hulipa matibabu ya ghafula, na hulipa gharama za kumrudisha nyumbani mgonjwa au maiti. Lakini ni bima ya mpita njia. Ina tarehe ya mwisho, na mara nyingi hukataa ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa kisukari anayehitaji dawa kila mwezi, wala kwa mama anayetazamia kujifungua. Mwenye kupata kazi na makao asikae na karatasi hiyo akidhani kwamba amejikinga.

Sheria imekwisha kuchagua sehemu kubwa

Tangu amri ya tarehe 28 Desemba 1944, mfanyakazi wa kuajiriwa katika Ubelgiji sharti awe na bima ya ugonjwa. Sheria ya tarehe 9 Agosti 1963 iliipanga upya kazi hiyo ikaanzisha ofisi ya taifa iitwayo INAMI. Sheria haiulizi mtu alizaliwa wapi. Huuliza kama anafanya kazi kwa halali na kama michango yake imelipwa. Kila mwezi mwajiri hukata asilimia 13.07 ya mshahara wa mfanyakazi, naye mwenyewe huongeza fungu lake, kwa kawaida karibu asilimia 25. Fedha hizo ni za bima ya ugonjwa, za pensheni, za msaada wa asiye na kazi, na mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo mfanyakazi mgeni asiingie ofisini kwa aibu kama mwenye kuomba sadaka. Amekwisha kulipa.

Lakini kukatwa fedha siyo kuandikwa, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwajiri hakuandikishi katika bima. Sharti uende mwenyewe. Na mahali pa kwenda ni chama cha kusaidiana wakati wa ugonjwa, ambacho wafanyakazi wa huko hukiita mutueli. Miungano ya vyama hivyo ni mitano: wa Kikristo, ulioanzishwa mwaka 1906, wa kisoshalisti, uitwao Solidaris, wa kiliberali, wa wasioegemea upande, na wa vyama huru. Kando yake uko mfuko wa serikali uitwao CAAMI. Watu wa reli wana mfuko wao wenyewe.

Majina hayo ni kumbukumbu za karne ya 19, wakati wafanyakazi wa Ubelgiji walipochanga senti zao ili mwenzao akiugua watoto wake wasilale njaa. Sheria ya kwanza ya kutambua vyama vya namna hiyo ilitoka mwaka 1851. Leo Mkatoliki aweza kuandikwa katika chama cha kisoshalisti, na asiye na dini katika chama cha Kikristo. Hakuna anayedaiwa cheti cha ubatizo. Tena hakuna anayekataliwa kwa sababu ni mzee au mgonjwa.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Katika bima hii ya sheria, fedha anazorudishiwa mgonjwa ni zile zile katika vyama vyote na katika CAAMI. Daktari yule yule, dawa ile ile, malipo yale yale. Basi rafiki akikuambia: «Chama chetu hulipa daktari vizuri kuliko chenu», mwulize kwa upole anasema juu ya bima ya sheria au juu ya nyongeza.

Tunachagua nini, basi?

Tunachagua nyongeza, ofisi, na watu wa kutuhudumia. Kila chama hudai mchango wa nyongeza, karibu euro 100 kwa mwaka, zaidi au pungufu. Mchango huo ni wa lazima kwa aliyeingia katika chama. Kwa fedha hiyo chama husaidia mambo ambayo bima ya sheria huyalipa kidogo au haiyalipi kabisa: miwani, kunyosha meno ya watoto, zawadi ya mtoto mchanga, gari la mgonjwa, na kadhalika. Vyama havifanani hapo. CAAMI haidai mchango wa nyongeza, lakini pia haitoi nyongeza hizo.

Kwa hiyo kila mmoja apime mzigo wake. Kijana mmoja mwenye afya, ambaye mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi, aweza kuridhika na CAAMI. Baba mwenye watoto watatu, ambao mmoja huvaa miwani na mwingine meno yake yamepanda vibaya, huenda akapata faida kubwa katika chama. Mama anayetazamia mtoto asome vizuri fungu la uzazi. Tena ofisi iwe karibu, na awemo mtu wa kueleza mambo kwa lugha unayoielewa. Maana mwenye kutia sahihi asilolielewa amefunga macho akiwa njiani.

Na aliyechagua vibaya asikate tamaa. Akikaa katika chama miezi 12 aweza kuhama. Kuhama huanza tarehe 1 Januari, 1 Aprili, 1 Julai au 1 Oktoba, na chama kipya hushughulikia karatasi.

Fungu la mgonjwa

Wengine hudhani kwamba mwenye bima halipi kitu. Sivyo. Bima hulipa sehemu kubwa, na sehemu inayobaki ni fungu la mgonjwa. Sheria imeweka njia za kulipunguza fungu hilo, lakini njia hizo humfaa mwenye kuzijua.

Njia ya kwanza ni kuwa na daktari mmoja wa jamaa na kumwomba atunze daftari lako lote la ugonjwa. Aliye na daftari hilo hulipa kidogo kwa daktari huyo kuliko asiye nalo. Njia ya pili ni kuuliza, kabla ya kukaa kitini, kama daktari amekubali bei za mapatano. Asiyezikubali aweza kudai zaidi, na ile ziada bima haiirudishi. Njia ya tatu ni ya wenye mapato madogo: kuna haki ya kurudishiwa zaidi, ambayo katika karatasi huandikwa kwa herufi BIM. Wengine huipata bila kuomba; wengine sharti waende chamani na karatasi za mapato ya nyumba nzima. Njia ya nne ni kikomo cha mwaka, kiandikwacho MAF: mafungu ya jamaa moja yakifika kiasi kilichowekwa kwa kufuata mapato yao, yanayozidi hurudishwa.

Dawa nazo zina madaraja. Zile za herufi A hurudishwa zote, zile za herufi D hazirudishwi, na katikati yake kuna madaraja mengine. Kumwuliza daktari kama iko dawa nyingine ya kazi ile ile kwa bei nafuu siyo kumkosea heshima. Kuuliza si ujinga.

Daktari akikupa karatasi ya malipo mkononi, usiiache mfukoni mwa koti. Haki ya kurudishiwa hufa baada ya miaka miwili. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya hospitali

Hospitali ndiyo inayotisha jamaa nyingi, na kumbe sehemu kubwa ya hofu hiyo hutoka katika karatasi moja. Mgonjwa anapoingia hupewa hati ya kuchagua chumba. Akichagua chumba cha watu wawili au zaidi, madaktari hawawezi kumdai malipo ya ziada juu ya bei za sheria. Akichagua chumba cha peke yake, wanaweza, na ziada hiyo yapita mara nyingi bei ya chumba chenyewe. Lakini kama ugonjwa wake ndio unaotaka awe peke yake, au kama chumba alichokiomba hakipo, asidaiwe ziada. Twarudia: kalamu yako siku ile yaweza kukugharimu kuliko kisu cha mpasuaji.

Kwa ajili ya gharama hizo kuna bima ya hospitali, ambayo si ya lazima. Huuzwa na makampuni, hutolewa na vyama, na waajiri wengine huwapa wafanyakazi wao. Umwulize mwajiri kwanza, usije ukalipa mara mbili. Kisha uulize maneno haya kabla ya kutia sahihi: Sharti ningoje miezi mingapi? Ugonjwa nilio nao leo mtaulipa? Sehemu ya kwanza ya deni nitakayotoa mimi ni kiasi gani? Chumba cha peke yake mwakilipa hadi wapi? Na nikizeeka, bei itapandaje? Aliyepewa bima na mwajiri, siku anapoacha kazi, aulize mara moja masharti ya kuiendeleza kwa fedha yake, maana haki hiyo ina siku zake za kuhesabu.

Wakikuuliza juu ya magonjwa yako, usifiche. Wako wanaojisifu kwamba wamemdanganya karani. Hawakumdanganya karani, wamejidanganya wenyewe. Kampuni ikigundua uwongo siku ya deni, mkataba waweza kuvunjwa, na michango ya miaka yote imekwenda bure.

Kazi, ajali na posho

Kutibiwa ni jambo moja. Kupata riziki wakati huwezi kufanya kazi ni jambo lingine. Mfanyakazi aliyeandikwa juzi aweza kutibiwa, lakini posho ya kukosa kazi kwa ugonjwa hutaka, kwa kawaida, miezi 12 yenye siku 180 za kazi. Asiyelijua jambo hilo hushangaa mwishoni mwa mwezi.

Tena ajali ya kazini haiingii katika mutueli. Sheria ya tarehe 10 Aprili 1971 humlazimisha mwajiri kuwa na bima ya pekee ya ajali za kazi, nayo hulinda hata njia ya kwenda kazini na kurudi. Mwenye kujikwaa ngazini ofisini asiseme: «Ni kidogo, nitapona.» Amwarifu mwajiri siku ile ile, ajali iandikwe. Goti linalouma kidogo leo laweza kukataa kupanda ngazi mwaka ujao.

Anayejitegemea kazini, kama msusi wa nywele au mwenye duka lake, hukatwi fedha na mtu. Sharti ajiunge na mfuko wa michango ya wanaojitegemea na kulipa kila miezi mitatu, kisha aandikwe katika mutueli. Tangu tarehe 1 Januari 2008 bima yake ya lazima humlipia hata mambo madogo, kama kumwona daktari na kununua dawa. Kabla ya hapo ilimlipia mambo makubwa tu. Lakini asiyelipa michango yake huiweka haki hiyo hatarini.

Na asiye na karatasi za makao? Hata yeye hakuachwa afe mlangoni. Amri ya tarehe 12 Desemba 1996 yampa msaada wa dharura wa matibabu kwa njia ya ofisi ya msaada ya komini yake, iitwayo CPAS, daktari akiandika kwamba matibabu yanahitajiwa. Neno «dharura» lisimtishe: msaada huo wahusu kutibu na hata kuzuia ugonjwa. Mama mja mzito asijifiche mpaka uchungu umshike.

Waliobaki nje

Twafika swali la tatu, ambalo jamaa nyingi hulisahau. Mfanyakazi aweza kuwaandikisha chini ya jina lake mke asiye na mapato, au mume wake, na watoto wasiofika miaka 25, wakikaa naye katika Ubelgiji. Lakini mama aliyebaki Kadutu na wadogo zake waliobaki Kenya, kule Lubumbashi, hawamo. Kadi ya mutueli ya mtoto wao haifungui mlango wa hospitali ya kwetu.

Mama akija kumtembelea mtoto wake, atakuja na bima yake ya safari. Mtoto aliyetia sahihi hati ya kumpokea ajue kwamba ameahidi pia kulipa gharama za mgeni wake, pamoja na za matibabu. Basi bima ya mama isinunuliwe kwa kutazama bei tu. Isomwe: inasema nini juu ya damu inayopanda, na juu ya ugonjwa aliokuja nao?

Kwa wale wasiosafiri kuna njia iliyo karibu zaidi. Kongo nayo ina vyama vya kusaidiana wakati wa ugonjwa. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka misingi yake, na katika eneo la Bukavu vyama vya namna hiyo vimefanya kazi pamoja na ofisi ya jimbo ya matibabu, BDOM. Sote twajua habari za wagonjwa waliopona wakazuiliwa hospitalini kwa ajili ya deni, na simu inayopigwa usiku kwenda Ulaya. Mtoto anayelipa mchango wa mwaka wa wazazi wake mapema hupunguza simu hizo. Lakini achague kwa maswali yale yale: chama hiki hulipa hospitali ipi, hulipa nini, na huacha nini?

Nchi nyingine, desturi nyingine

Aliye nje ya Ubelgiji asichukue maneno yetu kama sheria ya nchi yake. Uswisi kila mkaaji mpya hupewa miezi mitatu ya kujinunulia bima ya lazima, naye huchagua kampuni na kiasi cha deni atakachoanza kulipa mwenyewe. Uholanzi hupewa miezi minne. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2016, mwajiri wa kampuni sharti awape wafanyakazi wake bima ya nyongeza na kulipa angalau nusu yake. Sheria ni mbalimbali, lakini maswali matatu hayabadiliki.

Basi, wazazi, juma hili mtakapozungumza na mtoto wenu aliye ng'ambo, msimwulize habari za mshahara na baridi tu. Mwulizeni: Umeandikwa katika chama kipi, na tangu lini? Mke na watoto wamo? Daktari wako ni nani? Hati zako ziko wapi, na nani mwingine ajua zilipo? Akijibu yote bila kusita, mlale salama. Akianza kusema: «Nitakwenda mwezi ujao», mwambieni aende kesho asubuhi kabla ya kazi, kisha awapigie simu jioni.